Kwa nini fuwele huzungushwa ndani ya uga wa sumaku?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba wanafizikia hupima ukinzani wa superkondakta za kikaboni (fuwele za molekuli za kaboni ambazo, zikipozwa sana, hupitisha umeme bila ukinzani) huku wakiizungusha fuwele ndani ya uga wa sumaku. Mzunguko huo unawafichulia nini kuhusu elektroni?

JIBU: Fuwele hizi zimejengwa kwa matabaka. Katika mojawapo, yenye fomula κ-(BEDT-TTF)₂Cu(NCS)₂, ambayo hupoteza ukinzani wake wote ikipozwa hadi karibu kelvini 10 (nyuzi 10 tu juu ya sifuri halisi, baridi kali kuliko zote), tabaka la molekuli za kikaboni zenye salfa, ambamo elektroni hutembea kwa wepesi, hufuatwa na tabaka la ioni lisilopitisha umeme, kisha tabaka la molekuli tena. Kuvuka kutoka tabaka hadi tabaka ni kazi ngumu, na ukinzani wa upande huo ni mkubwa kwa mamia ya mara, au zaidi, kuliko ule wa ndani ya tabaka.

Ukinzani uliopimwa bila sumaku huchanganya mambo mawili: umbo la njia za elektroni, na muda ambao elektroni husafiri kabla ya kutawanywa na kasoro ya fuwele, na mtetemo wa atomi au na elektroni nyingine. Uzuri wa kuzungusha ni kwamba mambo hayo hutengana. Uga wenye nguvu huua kwanza hali ya superkondakta, kisha hupinda njia za elektroni ziwe mizingo. Uga ukiinamishwa kwa pembe fulani, kasi ya elektroni ya kuvuka matabaka hujifuta yenyewe katika kila mzingo, kwa hiyo ukinzani hupanda hadi kilele. K. Yamaji wa Japani alilieleza jambo hili mwaka 1989. Tanjenti za pembe hizo hupishana kwa nafasi sawa, nazo hazibadiliki hata uga ukiongezwa, kwa sababu zinatokana na jiometria peke yake.

Kimo cha vilele ndicho kinachosimulia mtawanyiko. Elektroni isipowahi kukamilisha sehemu ya kutosha ya mzingo wake kabla ya kugongwa, vilele hufifia, ndiyo maana kazi hii hudai fuwele safi mno na baridi ya kelvini chache. Halijoto ikipanda, vilele hubaki palepale huku vikifupika, na kutokana na kufupika huko mpimaji hukadiria jinsi migongano inavyoongezeka.