"Comprise" haitaki "of" (na "inajumuisha" nayo ina mipaka)

Msomaji mmoja aliye kwenye mradi wa maji kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Kwenye ripoti ya Kiingereza niliandika 'Our team is comprising of five engineers and two drivers', bosi akakata akaweka 'comprises' kwa kalamu nyekundu, maelezo hamna. Nimeangalia mtandaoni nakuta watu wanaandika 'is comprised of' na maisha yanaendelea. Ipi ndo sahihi? Na kwenye ripoti ya Kiswahili niweke 'inajumuisha'?"

Marahaba. Bosi wako yuko sahihi, shida yake ni moja tu, katoa kadi kama refa asiyetaka kuulizwa.

Hiki kitenzi ni cha ofisini na vitabuni, kwenye maongezi ya kawaida hata Waingereza wenyewe hawakitumii sana, ndo maana watu wakikutana nacho wanakipamba wakidhani hakijatosha. Kumbe chepesi tu. Unaanza na kitu kizima, unaweka kitenzi, unataja sehemu zake, umemaliza. "The East African Community comprises eight partner states." Jumuiya ndo kitu kizima, na sehemu ni zile nchi nane, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo na Somalia iliyoingia rasmi 2024. "Kenya comprises 47 counties", safi kabisa. Ukigeuza ukaanza na sehemu, yaani "47 counties comprise Kenya", kamusi zitakuvumilia ila wahariri wengi watakunja uso, kwa mpangilio huo bora utumie "make up".

Sasa hiyo "of" inatoka wapi? Kuna "consist of", kuna "be composed of", kuna "be made up of", zote maana yake karibu ileile na zote zina "of" ya halali, kwahiyo comprise anaburuzwa na ndugu zake. Ila mi naona na Kiswahili chetu kinachangia, maana kichwani tayari tuna "inaundwa na", na ile "na" ya mwisho inakuwa inadai mwenzake upande wa pili. Na "is comprising" ndo kabisa imetoka kwetu: shuleni tumekaririshwa kwamba "anakula" ni "he is eating", basi mtu akiona -na- tu ndani ya "inaundwa" anakimbilia "is" na "-ing". Lakini -na- ya "inaundwa" haisemi kwamba kuna kitu kinaendelea kuundwa sasa hivi pale ofisini, inasema hali ilivyo, na hali ilivyo kwa Kiingereza ni "comprises" tu. Ikiwa imepita unasema "comprised" bila "was", mfano "In 1967 the Community comprised three countries", ile ya kwanza ya Kenya, Uganda na Tanzania iliyokuja kuvunjika 1977.

Wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi waliosoma Kifaransa hapa wanatucheka, maana comprise asili yake ni Kifaransa, na wao wanasema "La Tanzanie comprend 31 régions" bila kiunganishi chochote katikati. Ukiwa na Kifaransa hata cha kuombea maji, fuata hiyo njia. Na iandike kwa s, "comprize" kwa z usiiandike, hata Marekani wanaandika s.

Tuje kwenye "is comprised of". Hii ina vita yake. Kuna Mmarekani anaitwa Bryan Henderson, kazi yake programu za kompyuta, yeye kwa miaka alikuwa anazunguka kwenye Wikipedia ya Kiingereza anaifuta mojamoja, na habari zake zilipoandikwa 2015 alikuwa ameshafanya masahihisho kama 47,000 hivi! Upande mwingine kamusi za siku hizi, Merriam-Webster ikiwemo, zinaitambua kwasababu watu wameitumia miaka mingi. Kwahiyo siwezi kukwambia ni kosa la jinai, ila kwenye ripoti, barua ya kazi au mtihani iache, mtu asiyeipenda ataiona mstari wa kwanza na anayeipenda hatagundua kuwa haipo.

Kuna kitu bosi wako hakukigusa na mi naona ndo kikubwa. Comprise inataja sehemu zote, haibakizi. Ukiandika "comprises five engineers and two drivers" umesema timu ni watu saba, basi. Sasa mfadhili akishuka chini kwenye bajeti akakuta mshahara wa mhasibu wa mradi, huyo mhasibu ametoka wapi? Kama unataja baadhi tu tumia "includes", hiyo inaacha mlango wazi kwa wengine.

Na hapohapo ndo jibu la "inajumuisha". Watu wanaitumia kwa yote mawili, lakini ukisikiliza vizuri imeegemea upande wa kuingiza kitu ndani ya kingine, kama "bei inajumuisha chai ya asubuhi", mtu akisikia hivyo anajua chai imo pamoja na mengine. Ukitaka kufunga hesabu kwa Kiswahili usihangaike na kitenzi kirefu. Angalia Ibara ya 62 ya Katiba ya Tanzania, Kiingereza chake kinasema Bunge "shall consist of two parts", Kiswahili kinasema "litakuwa na sehemu mbili" (Rais na wabunge, wengi humsahau Rais hapo). Waliotunga sheria mama wametosheka na "kuwa na", we ripoti ya maji uogope nini? Andika "Timu yetu ina wahandisi watano na madereva wawili", na kule kwa Kiingereza "Our team comprises five engineers and two drivers". Mhasibu kama yupo muongeze kotekote kabla hujatuma.