Kama unauza safari kwa Wazungu mtandaoni, anza na kalenda

Mimi natengeneza websaiti za kampuni ndogo za utalii, Zanzibar na Arusha, zile za familia zenye boti mbili au gari nne. Mwaka 2025 mteja wangu mmoja wa Zanzibar alinipigia kachanganyikiwa, wakala wake wa Ujerumani kamwandikia anauliza kama websaiti yake inafuata ile sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ya watu wenye ulemavu, na yeye hajui ndo nini. Mimi mwenyewe nilikuwa naijua juu juu tu, ikabidi nikae chini nisome.

Iko hivi. Ni direktivu (agizo la Umoja wa Ulaya kwa nchi zake) namba 2019/882, inataka bidhaa na huduma ziweze kutumiwa na watu wenye ulemavu, imeanza kazi tarehe 28 Juni 2025, na inagusa benki, simu, tiketi za usafiri, vitabu vya kidijitali na biashara yoyote inayomuuzia mlaji mtandaoni. Inaangalia mteja yupo wapi, kwa hiyo usijifariji kwamba ofisi yako iko Paje. Wanaotoa huduma wakiwa na wafanyakazi chini ya 10, na mapato ya mwaka au mizania isiyozidi euro milioni 2, wamesamehewa, na wengi wetu tungeingia humo, lakini wakala wako wa kule akiwa mkubwa kuliko hapo hajasamehewa, Ujerumani faini inafika euro 100,000, kwa hiyo atakuuliza tu na usipokuwa na jibu atahamia kwa jirani yako. Kipimo wanachotumia ni WCAG 2.1 daraja la AA, yaani mwongozo wa kimataifa wa kufanya websaiti itumike na watu wenye ulemavu, sehemu kubwa ya mambo ya websaiti imo humo.

Sasa kosa nililofanya. Nilipitisha websaiti kwenye ile programu ya kukagua yenyewe, ikanipa alama nzuri sana, nikamwambia mteja mambo yako safi. Mwezi mmoja baadaye nikamwomba ndugu mmoja asiyeona, anatumia TalkBack, programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti, kwenye simu yake kila siku, ajaribu kubuku safari ya boti mpaka mwisho. Ukurasa wa kwanza alipita vizuri, akafika kwenye kalenda ya kuchagua tarehe, simu ikaanza kusema "kitufe, kitufe, kitufe", siku zote thelathini hazina jina. Akaniambia, "Kaka, mi hapa nasikia vitufe tu, sijui tarehe ipi ni ipi." Kahangaika robo saa, muda wa kubuku ukaisha, fomu ikajifuta yote akaambiwa aanze upya. Iliniuma sana, maana huyu mtu alikuwa na hela yake mkononi na sisi ndo tumemfungia mlango.

Ndo maana ushauri wangu wa kwanza ni huo, usianze na ukurasa wa mbele, anza pale hela inapoingia: kalenda, idadi ya watu, fomu ya majina, malipo. Weka mausi pembeni utumie kitufe cha Tab na Enter tu, uone kama unafika mwisho na kama muda wote unaona uko wapi. Halafu washa TalkBack, au VoiceOver kama una iPhone, kwenye kompyuta ya Windows pakua NVDA inayofanya kazi hiyo hiyo, ni bure, ufumbe macho ununue bidhaa yako mwenyewe. Na mtafute mtu anayetumia hivyo vitu kila siku, umlipe, hiyo ni kazi kama kazi nyingine.

Jambo lingine ambalo sisi wa Kiswahili linatuhusu sana, kwenye msimbo (code) wa ukurasa kuna mahali pa kutaja lugha, na wengi tunachukua templeti imeandikwa "en" tunaiacha hivyo hivyo. Matokeo yake sauti inasoma Kiswahili chako kwa matamshi ya Kiingereza, mtu haelewi hata neno. Badilisha iwe "sw" kwenye kurasa za Kiswahili, ni sekunde tano tu.

Bei usiziweke ndani ya bango la picha, ziandike kama maandishi ya kawaida. Maandishi meupe juu ya picha ya mchanga mweupe yanapendeza lakini hayasomeki, hata kwa mama yangu mwenye macho mazima akiwa juani, kipimo ni tofauti ya mwanga ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. PDF ulizopandisha kabla ya 28 Juni 2025 sheria imeziacha, mpya ndo uziangalie.

Na kale kaikoni ka mtu kanakobandikwa kwenye websaiti, kanakouzwa kama mstari mmoja wa msimbo eti katafanya websaiti yako ifuate sheria, usinunue. Mwaka 2025 Marekani kampuni moja inayouza vitu hivyo ilitakiwa kulipa dola milioni 1 kwa madai ya namna hiyo. Kalenda isiyo na majina hakairekebishi.

Andika pia kwenye masharti yako kwa lugha rahisi websaiti inafuata kitu gani, na weka namba ya simu ambayo kuna mtu anapokea.

Ile kalenda tuliiondoa, tukaweka visanduku vya kuandika siku, mwezi na mwaka, na fomu inauliza kabla ya kuisha kama unataka muda zaidi. Yule ndugu akarudia, dakika nne kamaliza na kalipa. Halafu akauliza boti inaondokea wapi, kumbe hilo tumeliweka kwenye picha ya ramani tu. Ndo kazi yangu ya wiki hii.