Masta mkononi: ubaki chuoni au uende Kolwezi? Jibu la mtu aliyepitia

Mdogo wangu uliyeuliza juzi, nimekusoma. Una miaka 29, umemaliza masta ya kemia hapa Lubumbashi. Chuo kinakuambia ubaki uwe asistanti, mshahara utakuja ukishamekanizwa, yaani jina lako likiingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Shemeji yako wa Kolwezi, mji wa migodi, anakuita ukawe karani kwenye depo lake la kununua madini. Na mama anakuuliza kila asubuhi kazi iko wapi. Sitakuchagulia. Nitakueleza yangu, uchukue unachotaka.

Mimi nilimaliza DEA mwaka 2018, ile diploma ya utafiti ya mfumo wa zamani, hatua ya kabla ya udaktari. Utafiti wangu ulikuwa Penga Penga, mtaa ambao upepo ulikuwa unaushushia moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba. Kiwanda kilianza mwaka 1911, kwa hiyo piga hesabu ni miaka mingapi vumbi la shaba, risasi na zinki limekuwa likitua juu ya udongo ule. Kuna sehemu mti haushiki, majani machache tu ndiyo yanavumilia. Nilipiga magoti pale misimu miwili ya mvua nikipima ni majani gani yanaweza kufunika vumbi lisiingie ndani ya nyumba za watu. Watoto wa mtaa waliniita mama majani.

Baada ya hapo nikabaki chuoni, chuo sikitaji. Kabla ya kumekanizwa unafundisha, unasahihisha, unasimamia maabara, na mwisho wa mwezi unaambulia primu, yaani posho kidogo, kama ipo. Nilikaa hivyo miezi 26. Kusubiri kungekuwa kwepesi kama pangekuwa kimya. Lakini kila baada ya wiki chache kuna mtu anakuja na habari: listi iko Kinshasa, listi imerudi, jina lako limeandikwa vibaya, leta fotokopi nyingine. Unashindwa kuondoka kwa sababu labda ni mwezi ujao. Wenzangu wawili wanasubiri hadi leo. Mmoja alimekanizwa na anaendelea vizuri, kwa hiyo sisemi kwamba haitokei.

Bunga (unga) ya nyumbani niliipata kwingine. Alasiri nilikaa kwenye kibanda cha kuchapa na fotokopi karibu na chuo, nikipanga kazi za mwisho wa masomo za wanafunzi: kurasa, majedwali, ramani. Niliona haya sana. Mwanamke mwenye DEA anahesabu karatasi za fotokopi! Nikimwona profesa wangu anapita, nainama chini ya meza kama natafuta waya.

Siku moja akaja bwana mmoja kuchapa riporti ya athari za mazingira ya mgodi. Sheria ya madini inataka riporti hiyo kabla mgodi haujaanza, na ndiyo maana mji huu una ofisi ndogondogo nyingi zinazoishi kwa kuziandika. Nilipokuwa nampangia majedwali nikaona walichimba sampuli za udongo hadi sentimita 30, wakachanganya zote pamoja, wakaandika kwamba udongo ni safi. Nikamwambia: baba, vumbi linalotoka hewani linakaa juu, sentimita chache za kwanza. Ukichanganya na udongo wa chini unalizimua, kama mtu anayeongeza maji kwenye pombe halafu anasema haina nguvu. Akaniangalia. Akauliza nimejulia wapi. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye barabara ya Likasi na koleo, siku 12, kwa malipo ya kila siku.

Hakuwahi kuuliza diploma yangu. Ile sentensi moja ya sentimita 30 ndiyo iliyoniajiri, na ingawa niliipata ndani ya DEA, haikuandikwa popote kwenye CV yangu. CV yangu ilikuwa na vyeo tu. Hebu fungua yako sasa hivi uone.

Na ukiwa hapo, andika pia idadi ya miaka uliyosoma. Lisansi ya zamani ilikuwa miaka 5, gradua 3 na lisansi 2. Lisansi ya mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, udaktari) ni miaka 3. Mwajiri anayetoka nje anasoma neno hilohilo na anakukata miaka miwili bila kujua.

Sasa Kolwezi. Usidharau depo, lakini pia usikubali ukarani. Wewe ni mkemia. Kwenye depo ugomvi wote uko kwenye mashine wanayoiita Metorex, ile inayosoma kiwango cha shaba na kobalti kwenye mawe. Mchimbaji anasema kiwango kimeshushwa na unyevu umeongezwa, mnunuzi anakataa. Mwambie shemeji unataka kukaa kwenye mashine, siyo kwenye daftari. Ukae na wale wanaopima maji kwenye mawe. Ujue vilevile kwamba siku nyingine utaambiwa usome namba isiyo ya kweli, na shemeji atakuwa anakuangalia. Amua hilo kabla ya kupanda basi.

Wala usifikiri migodi ni mwamba. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje, ikaongeza muda, na Oktoba ikaipangia kila kampuni kiasi inachoruhusiwa kusafirisha. Ofisi niliyokuwa nafanyia kazi ilitusimamisha watu wanne ndani ya wiki moja. Miezi ile nilirudi kwenye kibanda cha fotokopi, safari hii sikuinama chini ya meza. Nilibandika karatasi ukutani: tunapanga kazi za chuo, tunasahihisha riporti za mazingira. Wateja wa riporti walikuja watatu, na mmoja bado ananilipa.

Chuo nacho sijakiacha kabisa, nina masaa yangu mawili kila Alhamisi. Napenda kufundisha, hilo tu.

Kuhusu mama yako, usimweleze masta ni nini. Mpeleke maabara siku moja kama wanaruhusu, aone unavyofanya. Wangu nilimpeleka Penga Penga, akasimama juani saa nzima akilalamika miguu. Tangu siku hiyo majirani wakimuuliza mtoto wake anafanya nini, anajibu: "Anapima udongo." DEA hajawahi kuitaja.