Nyundo ya gobore kupiga fataki pembeni

Ndugu wa Masindi, umesema nyundo ya gobore la babu inapiga fataki pembeni, hailipuki mpaka mara ya pili. Usikimbilie kupinda kitu. Kwanza hakikisha ndani hamna baruti: chomeka mdeki (fimbo ya kushindilia baruti) mpaka mwisho, utie alama pale unapotokea mdomoni mwa mtutu, kisha ulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ukiishia mbali kabla ya usawa wa chuchu (kile kichuma kinachovalishwa fataki), ndani kuna kitu.

Halafu paka chuchu masizi ya taa, shusha nyundo polepole kwa kidole gumba, uangalie masizi yameshika wapi kwenye kishimo cha nyundo. Yakiwa ukingo mmoja tu, kaza skrubu ya nyundo, na utazame kama sahani ya mtambo (bamba linaloshika nyundo) imekaa vizuri kwenye mti wa bunduki. Langu shida ilikuwa hiyo tu, mchwa walishaula mti!

Bado? Vua nyundo, fundi chuma (Katwe, Kampala, hawakosekani) aipashe shingo mpaka iwe nyekundu, aipinde kidogo sana, iachwe ipoe yenyewe, si kwa maji. Nyundo ya chuma cha kusubu usiipinde, itakatika, tafuta nyingine. Na njiani beba kibali chako cha bunduki.