Thaimoma: usikubali "tunachomoa uvimbe tu"

Mkuu, umeuliza mama ataishi miaka mingapi na ale nini. Kwanza simamisha hiyo oparesheni ya wiki ijayo. Uvimbe wa sm 6 nyuma ya kidari, kipimo cha kinyama kimesema thaimoma aina ya B2 (uvimbe unaoanzia kwenye tezi ya thaimasi), halafu mtu anakwambia "si saratani, tunachomoa uvimbe tu, tezi tunaiacha"? Hapana. Hapana kabisa!

Hiyo "si saratani" imeponza wengi. Inasemwa kwa sababu thaimoma hukua polepole na kwenye CT huonekana mviringo msafi wenye ganda. Ganda hilo linadanganya. Chembe zinaweza kuwa zimeshalipenya bila kuonekana kwa macho, na mpasuaji anayekata kwa kulifuata anaziacha ndani. Likipasuka mkononi mwake ndiyo balaa, maana chembe humwagika kwenye utando wa mapafu, zikatulia chini karibu na kiwambo, na miaka kadhaa baadaye zinajitokeza kama vinundu. Hapo unakuwa na ugonjwa wa hatua ya IVa (uliosambaa kwenye utando) uliotengenezwa mezani. Na aliyesema "uvimbe tu" huwa hapokei simu.

Kinachotakiwa kutolewa ni tezi nzima ya thaimasi pamoja na pembe zake zinazopanda shingoni na mafuta yanayoizunguka, vyote kwa kipande kimoja, uvimbe ukiwa ndani bila kuguswa. Ukiwa umeshika utando wa moyo au kipande cha pafu, nacho kinatoka pamoja nao. Upasuaji wa matundu madogo unafaa kama uvimbe haujashika kitu, ila utolewe ndani ya mfuko na tundu lipanuliwe vya kutosha, usibanwe kupita kwa nguvu. Ukionekana umenata, mpasuaji afungue kidari bila kuona aibu. Ukiwa umekumbatia mishipa mikubwa, huanza dawa (sisplatini, doksorubisini na saiklofosfamidi) kuupunguza, kisu baadaye. Najua naongea kama kasuku aliyefungiwa wodi ya upasuaji wa kifua, nivumilieni.

Kabla ya nusu kaputi apimwe kingamwili dhidi ya vipokezi vya asetilikolini, hata kama hana dalili. Muulize pia kama kope hulegea jioni, kama anaona vitu viwili viwili au anapaliwa akinywa maji. Miasthenia (ugonjwa ambapo kingamwili hizo hudhoofisha misuli) isiyojulikana inaweza kumfanya ashindwe kupumua mwenyewe baada ya upasuaji.

Sasa hiyo miaka. Usiisome kwenye herufi B2 peke yake. Kinachoamua zaidi ni hatua ya ugonjwa na kama ripoti ya patholojia itaandika R0, yaani kingo hazina chembe hata chini ya hadubini. Hatua ya I au II iliyotoka yote, kwa jumla zaidi ya 9 kati ya 10 wako hai baada ya miaka 5. R1 maana yake chembe zimebaki, hapo mionzi huongezwa. Na CT iendelee angalau miaka 10, kwa sababu thaimoma hurudi kwa kuchelewa. Daktari anayekuaga baada ya miaka 5 mkatalie.

Muulize mpasuaji swali moja: "Unatoa uvimbe au thaimasi yote?" Akijibu "uvimbe", chukua CT mpeleke mama kwa mpasuaji wa kifua anayeshughulikia thaimoma mara kwa mara. Ukiweza, tuandikie hapa ripoti ya CT inasema nini kuhusu mafuta kati ya uvimbe na mishipa mikubwa.