Nyumbani nilitegua mitego, New Zealand nalipwa kuitega

Tangu niweke picha ya milima ya Fiordland, kusini mwa New Zealand, simu yangu haijapumzika. Vijana waliomaliza chuo cha wanyamapori cha Mweka na askari niliofanya nao doria magharibi mwa Serengeti wote wanauliza kitu kimoja: kazi ya uhifadhi huko ikoje, na sisi tuje? Nawajibu wote hapa, na nitasema kweli tupu.

Kazi yenyewe ni kuua. Kabla binadamu hajafika New Zealand, nchi kavu haikuwa na mnyama anayenyonyesha isipokuwa popo. Ndege walitamba chini bila wasiwasi, wengine wakaacha kuruka kabisa. Watu wakaja, na panya wakaja nao. Wazungu wakaleta posamu, mnyama wa mitini anayebeba mtoto mfukoni, kutoka Australia mwaka 1837 kwa ajili ya manyoya, na miaka ya 1880 wakaleta stoat, mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche, apunguze sungura ambao wao wenyewe walikuwa wamewaleta. Stoat akagundua kuwa kifaranga cha kiwi, ndege asiyeruka, hakimsumbui hata kidogo. Mahali pasipo na ulinzi, katika vifaranga 100 vya kiwi wanaofikia kukua ni kama 5 tu. Ndiyo maana mwaka 2016 serikali ilitangaza lengo la kuwamaliza panya, posamu na stoat nchi nzima ifikapo 2050.

Basi mimi asubuhi nabeba mkoba wa mayai na vipande vya nyama ya sungura, napanda mlima kwenye mvua, kutoka sanduku hadi sanduku. Ni sanduku la mbao, ndani yake kuna mtego wa chuma wenye springi kali. Unafungua skrubu ya kifuniko, na harufu inakupokea kabla hujaona kitu. Unamtoa stoat aliyebanwa kichwa, funza wameshaanza kazi, unakwangua chuma kwa brashi, unaweka yai jipya, unatega tena kwa uangalifu maana springi ile inavunja vidole. Unaandika kwenye simu umekuta nini, unafunga, unaendelea. Hata kalunguyeye yumo kwenye orodha ya tunaowatega, kwa sababu anakula mayai ya ndege wanaotaga chini. Yeye ndiye anayeniuma zaidi kumtoa.

Mtu aliyezoea kutegua nyaya za majangili, aliyewahi kumkuta nyumbu waya umemzama shingoni, anahitaji muda kuizoea kazi hii. Lakini naiamini. Kakapo, kasuku mzito asiyeruka, alibaki na ndege 51 mwaka 1995. Mwaka 2022 walihesabiwa 252, na wamefika hapo kwa sababu wanatunzwa kwenye visiwa vilivyosafishwa wanyama hawa. Kuna pia sumu iitwayo 1080 inayomwagwa kwa helikopta, na wananchi wanagombana juu yake kila mwaka, hasa wawindaji na wenye mbwa. Mimi nimeziona kuta za mawe za Fiordland. Hakuna mguu wa kufika kule kutega, na bila sumu ndege wa kule watakwisha.

Kitu ambacho sitakificha ni amani. Ninyi mnajua tulivyokuwa tunalala porini. Januari 2016 majangili wa tembo walimpiga risasi rubani Roger Gower akiwa angani kwenye pori la akiba la Maswa, akafa. Huku sibebi bunduki, na hakuna anayenilenga. Mke wangu hakai akisubiri simu mbaya.

Jambo jingine nililolipenda ni namna wenyeji wanavyohusika. Mwaka 2014 msitu wa Te Urewera uliondolewa kuwa hifadhi ya taifa, sheria ikautambua kama nafsi yenye haki zake, na bodi yake leo ina Wamaori wa kabila la Tūhoe wengi kuliko wawakilishi wa serikali. Nikikumbuka ng'ombe tuliokuwa tunawakamata ndani ya hifadhi, na wazee wa Kimasai na Kisukuma waliokuja kuwaombea, naona kwamba tungeweza kukaa nao mezani mapema zaidi. Hilo ningependa wakubwa wetu waje walione.

Sasa mkate. Kazi nyingi za msituni ni za mkataba wa msimu. Baridi ikiingia wengi wetu tunakwenda kupogoa mizabibu, na digrii zetu tunaziacha nyumbani. Mwaka 2024 serikali ilibana matumizi na Idara ya Uhifadhi nayo ikapunguza nafasi. Tena sehemu kubwa ya mitego nchi hii inakaguliwa na watu wa kujitolea, wastaafu na wanafunzi, kwa hiyo unashindana na anayefanya bure. Miaka yako ya kukabili majangili haimsaidii mwajiri hapa. Anauliza kama una leseni ya gari, huduma ya kwanza, na kama unaweza kuvuka mto uliofurika.

Mwenye ajira ya kudumu kwenye mamlaka zetu za uhifadhi, TANAPA au TAWA, yenye mafao na bima, asiiache kwa ajili ya picha zangu. Kijana asiye na ajira na anayelipenda pori kweli, ajaribu, hasa kwa njia ya masomo, maana viza ya kazi za msimu ni ngumu. Cheti chako kipimwe mapema na NZQA, mamlaka ya New Zealand inayotathmini vyeti. Na buti za porini zisugue mpaka kwenye mistari ya soli, kisha ziandike kwenye fomu ya uwanja wa ndege. Wanazikagua kweli, na usipozitaja unapigwa faini hapo hapo.