Tazama mchuzi, usitazame nyama: mvinyo na chakula cha kila siku

Mjomba wangu analima zabibu Hombolo, kaskazini-mashariki mwa Jiji la Dodoma. Kule, mvinyo ambao bado uko kwenye tangi, haujachujwa wala kutiwa kwenye chupa, wakulima hawauiti mvinyo wala waini. Wanauita mchuzi. "Mchuzi wa mwaka huu una rangi," atakwambia, na ukimsikia kwa mbali utadhani anazungumzia mboga iliyo jikoni.

Neno hilo limenifundisha mengi. Nimeishi Dar es Salaam miaka kumi na moja sasa, na karibu kila ninapomtembelea ndugu au rafiki naiona ile chupa moja juu ya kabati, imesimama tangu Krismasi ya mwaka juzi, inasubiri sherehe. Wenyewe wanapenda mvinyo. Ila wanaamini mvinyo unataka meza ya hoteli, jibini, na nyama ya kukatwa kwa kisu. Mimi nasema mvinyo ni mchuzi mwingine tu mezani. Unauweka kando ya wali maharage siku ya Jumanne, na ukijua mambo machache utafurahia vyote viwili.

Kanuni ambayo kila mtu ameisikia ni ile ya rangi: nyama nyekundu na mvinyo mwekundu, kuku na samaki na mvinyo mweupe. Si uongo, lakini kwetu haisaidii sana. Kuku wa kwetu ni mara chache akawa kuku mtupu. Leo yuko kwenye tui la nazi, kesho amechomwa na kupakwa ndimu na pilipili, keshokutwa ni rosti la nyanya na vitunguu. Kuku ni yuleyule, lakini kila mlo unataka kinywaji chake. Ndiyo maana nawaambia watu watazame kilichomzunguka kuku.

Na hata kwenye mvinyo wenyewe, acha rangi kwanza, sikiliza ulimi. Kuna uchachu, ule unaotoa mate kama umelamba ndimu. Kuna utamu wa sukari iliyobaki baada ya kuchachuka. Kuna ukali wa kileo, unaopasha koo moto. Na kuna ukakasi, ule unaokausha ulimi na ufizi kama umeng'ata ndizi mbichi au embe bichi lenye ganda. Ukakasi unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, mweupe huchachushwa bila maganda, kwa hiyo mwekundu ndio wenye ukakasi zaidi.

Ukishazijua hizo nne, chakula kinajieleza. Mafuta na chumvi vinalainisha ukakasi, kwa hiyo mbuzi choma mwenye mafuta yake na chumvi ya kuchovya anapendana na mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na utamu. Pilipili inachochewa na kileo kikali na ukakasi, na inatulizwa na utamu kidogo na ubaridi. Chakula chenye ndimu kinataka mvinyo wenye uchachu unaolingana nacho au kuuzidi, la sivyo mvinyo unapwaya, unaonekana kama maji yaliyotiwa rangi.

Jaribu hili nyumbani, maana mimi ndilo lililonifungua macho. Pika pilau ya ng'ombe ya kawaida. Mimina mvinyo mwekundu mkavu kidogo, kama vidole viwili kwenye glasi. Kula kijiko cha pilau peke yake, kisha nywa funda moja. Utaona mdalasini na karafuu zinapanda, nyama inakuwa tamu, mvinyo unakuwa laini. Sasa kula kijiko kingine cha pilau hiyohiyo, lakini safari hii na kachumbari yenye ndimu na pilipili mbichi. Nywa tena. Mvinyo uleule umegeuka: umekuwa mchungu, unawasha, unakuacha na ladha ya chuma. Pilau haijabadilika, nyama haijabadilika. Kachumbari ndiyo imebadilisha meza nzima. Tangu siku hiyo, nikipika pilau ya kuliwa na kachumbari, nafungua mweupe uliopoa vizuri, au nabaki na mwekundu na kuiacha kachumbari iwe ya nyanya na vitunguu tu.

Samaki nao wana somo lao. Dagaa au samaki wa mafuta ukiwashushia na mvinyo mwekundu, mara nyingi utasikia shombo kali linalopanda puani baada ya kumeza. Nilidhani ni dagaa wabovu. Kumbe watafiti wa Japani walieleza jambo hili mwaka 2009: madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo yanakutana na mafuta ya samaki na kuzaa ile harufu. Mvinyo mwekundu kwa kawaida una chuma zaidi. Kwa changu wa kukaanga na ndimu, chukua mweupe mkavu, wa baridi, basi. Hapo hakuna mjadala.

Mume wangu ni mtu wa Tanga, na kwake mboga bila nazi haijaiva. Tui lina mafuta na lina utamu wake, na mvinyo mwekundu wenye ukakasi unagombana nalo hadi unasikia kama chaki mdomoni. Hapa ndipo naupenda mweupe wa Chenin Blanc, zabibu inayolimwa kwetu Dodoma na pia kwa wingi sana Afrika Kusini. Una uchachu wa kukata mafuta ya tui na harufu ya matunda ya kukaa nayo sawa. Kuku wa kupaka, maharage ya nazi, samaki wa nazi, wote nawapeleka huko. Maharage ya kuunga kwa nyanya na vitunguu bila nazi, hayo yanapenda mwekundu mwepesi.

Chipsi mayai pia. Najua wengine watashangaa, lakini chumvi na mafuta ya moto ni marafiki wa mvinyo mweupe mkavu. Punguza tomato sosi, ina sukari inayoufanya mvinyo uwe mkali.

Mlenda, hapana. Mimi ni Mgogo na nimelelewa kwa ugali wa uwele na mlenda, na nimejaribu kila chupa niliyoipata. Ule utelezi unaufunika ulimi, mvinyo haufiki popote. Kula mlenda wako kwa heshima yake, nywa maji, mvinyo utauhitaji baadaye.

Lakini haya yote hayana maana kama mvinyo wenyewe ni wa moto, na hapa ndipo nyumba nyingi za Dar zinapokosea. Tumeambiwa mwekundu unanyweka kwenye joto la chumba. Chumba gani? Maneno hayo yametoka kwenye nchi ambazo chumba kina nyuzi 17 au 18. Sebule yangu Januari ina nyuzi 31. Mara ya kwanza kuwakaribisha wakwe zangu nilifungua mwekundu mzuri niliouleta kutoka Dodoma, nikaumimina moja kwa moja kutoka kabatini, juu ya kuku wa pilipili. Mama mkwe alinywa funda moja, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ni dawa ya kifua?" Kileo kilikuwa kinapanda kama mvuke, matunda yote yamepotea. Iliniuma sana, kwa sababu naijua kazi iliyomo kwenye chupa ile.

Siku hizi mwekundu naulaza kwenye friji dakika 30 kabla ya kula. Mweupe naupa saa mbili au zaidi. Umeme ukikatika, chukua ndoo ndogo, tia barafu, maji na kiganja cha chumvi, zamisha chupa hadi shingoni. Robo saa inatosha kwa mweupe. Maji ni ya lazima, maana barafu peke yake inagusa chupa hapa na pale tu. Usitie barafu ndani ya glasi ya mvinyo mkavu, itauzimua. Kwenye mtamu wa bei nafuu, siku ya joto, sitakuzuia.

Kununua nako kuna macho yake. Chupa iliyosimama dirishani mwa duka ikipigwa na jua la mchana, iache hata kama imepunguzwa bei. Nilishanunua ya namna hiyo mara mbili, kwenye duka nililoliamini, na mara zote mbili mvinyo ulikuwa na ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa. Chukua chupa ya nyuma, ya rafu ya chini, kwenye kivuli. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya mvinyo hafifu. Kwa nyumba zetu zenye joto mimi nakipendelea, na hakidai kizibuo. Tazama pia kama lebo inasema ni mkavu au mtamu, kwa sababu wengi wanaosema hawapendi mvinyo walipewa mkavu huku wakitarajia mtamu.

Na tafadhali, kwenye mbili unazonunua, moja iwe ya Dodoma. Sisemi hivi kwa sababu ya mjomba peke yake. Dodoma ipo juu ya mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, mvua yake ni ya msimu mmoja tu, na hali ya hewa isiyo na majira ya baridi kali inampa mkulima nafasi ya kupogoa mizabibu na kuvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ufaransa au Italia hawalijui. Zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora, ambayo jina lake ni la eneo la hukohuko, inatoa mvinyo wenye rangi ya kutosha na uchachu mzuri, unaostahimili nyama choma vizuri kuliko chupa nyingi za bei mbaya nilizowahi kuletewa kama zawadi. Nimekwenda shambani msimu wa mavuno, alfajiri, tunakata vichala kwa mkasi na kuvilaza kwenye kreti kabla jua halijawa kali. Nimeona pia mnunuzi aliyeahidi kuja Jumatatu akija Alhamisi, na nusu ya kreti zikiwa zimeanza kunuka siki. Zabibu haingoji. Ndiyo maana wakulima wengi wanaona afadhali wakamue wenyewe, wauhifadhi mchuzi kwenye matangi, kuliko kumtazama mtu barabarani.

Chupa ya mililita 750 ni glasi tano za kiasi, kwa hiyo watu wawili hawana haja ya kuimaliza usiku mmoja, na mimi nakushauri msiimalize. Adui wa mvinyo uliofunguliwa ni hewa. Tafuta chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko kinachobana, ya soda inafaa, ioshe kwa maji ya moto bila sabuni yenye harufu. Ukishafungua mvinyo tu, kabla hamjaanza kunywa, jaza chupa ndogo hadi juu kabisa, funga, weka kwenye friji, hata kama ni mwekundu. Utakaa siku tano ukiwa mzima. Ukiubakiza kwenye chupa kubwa nusu tupu, hata kwenye friji, siku ya tatu unaanza kuchoka.

Mgeni asiyekunywa, na nyumba nyingi zetu zina ndugu Waislamu au walokole, au mjamzito, au anayeendesha gari usiku huo, mwekee juisi ya rosela iliyopoa kwenye glasi ileile nzuri, usimpe kikombe cha plastiki. Rosela ina uchachu na ukakasi kidogo, kwa hiyo inakwenda na nyama vizuri pia.

Na ule uliobaki ukachoka kweli, usiumwage. Kaanga vitunguu hadi viwe kahawia, tia nyama, ikishabadilika rangi mimina kikombe cha mvinyo mwekundu, acha uchemke bila mfuniko hadi harufu ya kileo iondoke, ndipo utie nyanya. Onja kabla ya kutia chumvi. Rosti hilo usilitie ndimu, uchachu tayari umo. Kwa sufuria ya kilo moja ya nyama, kikombe kimoja kinatosha.